Ukitafiti mji endelevu, ingia uani kwanza

Wanafunzi hunitumia mapendekezo ya utafiti wa nishati na makazi mijini wakitaka niyapitie. Mengi yana paneli za sola, majengo ya mbao na picha za miji ya Ulaya. Nikifika kwenye dodoso nakuta swali la kwanza: "Nyumba yako inatumia umeme kiasi gani kwa mwezi?" Hapo hapo najua mwenzetu hajapita Manzese, mtaa wa wapangaji wengi Dar es Salaam.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na bafu. Ndani mna kaya tano au sita zisizo na undugu wowote, na zote zinakula mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukichukua nyumba kuwa ndiyo kaya, hesabu zako zimeharibika kabla hujaanza kuhesabu.

Tazama bei za umeme. TANESCO, shirika la umeme la taifa, ina kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nia ni kumpunguzia mzigo mwenye kipato kidogo. Lakini wapangaji sita, kila mmoja na taa yake, simu na feni, wakichangia mita moja wanavuka 75 bila shida, na wote wanatozwa bei ya juu. Nafuu inabaki kwa mtu aliye peke yake na mita yake. Ukikusanya takwimu za mita tupu utaandika kwamba nyumba hiyo ina matumizi makubwa, na maskini sita watageuka tajiri mmoja kwenye jedwali lako.

Kwa hiyo omba kuonyeshwa daftari. Karibu kila nyumba ya namna hii ina mtu anayekusanya hela ya umeme, mara nyingi mama aliyekaa siku nyingi kuliko wengine. Daftari moja nililoonyeshwa Tandale, jirani na Manzese, lilikuwa na safu ya taa na simu, safu ya TV, safu ya friji, na chini kabisa kwa wino mwekundu: PASI JUMAPILI TU. Mwenye friji alilipa mara tatu ya mwenye taa. Ile ni sera kamili ya nishati, wameitunga wenyewe, wameigombania, wameikubali. Hakuna dodoso litakalokupa hicho.

Kwenye mapishi, usimuulize mtu anatumia kilo ngapi za mkaa. Hakuna anayenunua kwa kilo. Watu wananunua kopo la sado, ndoo au gunia, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo, haliko sawa na gunia la kawaida. Nunua kopo kwa muuzaji wa mtaa uleule, lipime mwenyewe kwa mizani, kisha uliza makopo mangapi kwa wiki. Pia usiulize "unapikia nini?" ukasubiri jibu moja. Mtu ana mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko la mkaa mlangoni, chai kwa gesi, maharage kwa mkaa. Uliza chakula kimoja kimoja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Huyu wa mtungi na jiko utamweka upande gani? Amua mapema, na uandike umeamuaje.

Makazi mbadala nayo yana hadithi yake. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umehimiza matofali ya kufungamana kwa miaka mingi: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia, hakuna kuchoma kwa kuni, na saruji ya kuungia ni haba. Kitaalamu ni kitu kizuri. Sasa kwa nini mitaa mingi bado ni tofali za saruji na mchanga? Wengi hukimbilia kujibu kwamba elimu haijafika. Mimi siamini. Muulize mtu anavyojenga: leo tofali hamsini, mwezi ujao mfuko wa saruji, mwaka keshokutwa bati. Tofali za kufungamana zinataka udongo unaofaa, mashine na fundi anayezijua, vyote kwa pamoja, wakati yeye ana hela ya tofali hamsini tu. Ukitafiti vifaa bila kutafiti mfuko wa mjenzi, utaishia kumlaumu mjenzi.

Zanzibar ukipata nafasi, waulize watu walivyoishi miezi ile mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani. Wanakumbuka vizuri kuliko ripoti yoyote, hasa bei ya barafu na maji. Na ukiwa Mji Mkongwe, gusa kuta za mawe na chokaa saa nane mchana, halafu nenda kakae chini ya bati lisilo na dari, uone tofauti ya joto.

Vibali visikuchoshe: barua ya chuo, ofisi ya wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, na usimruke mjumbe. Zanzibar ni sheha, kiongozi wa shehia. Nenda Jumapili jioni, siku za kazi utakuta nusu ya wapangaji hawapo na majibu yao yanatolewa na jirani.

Jambo la mwisho ni majira. Wengi hukusanya takwimu Julai na Agosti kwa sababu chuo kimefungwa. Wakati wa masika barabara za mashambani zinakatika, mkaa unafika umelowa na bei inapanda, paa zinavuja, bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam linajaa. Kama bajeti inatosha safari mbili tu, moja iwe Aprili.