Alitikisa mkia, kisha akang'ata: je, nisome tabia za mbwa kwa njia ya masafa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala la korosho wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina umri wa miaka 29 na nimemaliza kidato cha nne. Ghalani tuna mbwa wawili tuliowakuta wakiwa wakubwa tayari. Msimu uliopita mmoja wao alimng'ata kuli aliyekuwa akishusha magunia, na kilichotushangaza sote ni kwamba mkia wake ulikuwa ukitikisika hadi dakika ile ile. Kuli alitibiwa na kuchomwa chanjo, lakini tangu siku hiyo sina amani, kwa sababu mbwa huyo tulikuwa tukimchapa kila aliponguruma mbele ya watu, nami nilidhani ameshaacha ukali. Sasa nimeona tangazo la kozi ya tabia za mbwa kutoka Uingereza, ambayo mtu huisoma kwa njia ya masafa, kidogo kidogo, huku akiendelea na kazi yake. Je, kuna maana yoyote ya kujifunza mbwa kupitia simu? Na nikimaliza nitaweza kuitwa mtaalamu?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Ndugu msomaji, niruhusu nianze na ule mkia, kwa kuwa ndani yake limo jibu la swali lako la kwanza. Mkia unaotikisika unatuambia kwamba mbwa amesisimka, na furaha ni sababu moja tu kati ya nyingi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa anapomwona bwana wake mkia huelekea zaidi upande wake wa kulia, ilhali akikutanishwa na mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea zaidi kushoto. Wewe huna haja ya kupima pande. Utazame mwili mzima. Mbwa mwenye furaha hunyumbuka hadi kiunoni, mdomo wake uko wazi na macho yamelegea. Mbwa anayekaribia kung'ata huusimamisha mkia juu, ukawa mgumu na kutikisika kwa haraka katika nafasi ndogo, huku mdomo umefungwa, uzito umehamia miguu ya mbele na jicho halimwachi mtu.

Jambo la pili nalisema bila kukulaumu, kwa sababu wengi wetu ndivyo tulivyoona wazee wakifanya. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeonya anampa mtu nafasi ya kurudi nyuma. Mlipomchapa kwa kunguruma, mlimfundisha kwamba onyo huleta fimbo, naye akaliacha, lakini hofu yake juu ya wageni ilibaki pale pale, ikakosa sauti tu. Tena iliongezeka. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona kwamba mbwa akizoea kusikia mlio fulani kabla ya kula, hatimaye hutokwa mate kwa mlio wenyewe. Kwa mbwa wenu, kuli mwenye gunia ndiye aliyekuwa mlio, na kilichofuata baada yake hakikuwa chakula bali maumivu.

Mambo ya namna hii ndiyo yanayofundishwa katika kozi nzuri ya tabia za mbwa, na kwa hiyo ndiyo, kuna maana kubwa ya kusoma. Njia ya masafa yenyewe si ngeni kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimesomesha kwa njia hiyo watu wengi walio kazini, wakiwemo wa mikoa yetu ya kusini. Lakini mbwa hasomeki kwenye kioo cha simu peke yake, na hapo ndipo utakapopima kozi yako kabla ya kutuma hata shilingi. Waulize kama mwanafunzi anatakiwa kupeleka video na maandishi kuhusu mbwa halisi anaowatazama, na kama yupo mwalimu anayeyasoma, akayasahihisha na kuyarudisha. Kozi inayokupa maswali ya kuchagua jibu na kisha cheti, mimi singeilipia. Wewe unao mbwa wawili mbele yako usiku kucha, na mwanafunzi wa tabia za mbwa hawezi kutamani darasa bora kuliko hilo.

Waulize pia wanafundisha nini kuhusu ubabe. Ile dhana kwamba mbwa hutafuta kumtawala bwana wake, na kwamba dawa yake ni kumlaza chali kwa nguvu, ilipata nguvu kutokana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, aliyewatazama mbwamwitu waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti Mmarekani wa mbwamwitu ambaye mwenyewe aliwahi kuieneza dhana ya mbwamwitu mtawala, aliandika mwaka 1999 kwamba porini wanyama hao huishi kama familia inayoongozwa na baba na mama. Kozi ambayo bado inafundisha kumlaza mbwa chali itakurudisha kwenye fimbo kwa jina jingine.

Kuhusu kuitwa mtaalamu, nakusihi uwe mwangalifu. Hata huko Uingereza jina hilo halilindwi na sheria, na mtu yeyote anaweza kujiita hivyo. Marekani, baraza moja linalotahini wafundishaji wa mbwa humtaka mtahiniwa wa cheti chake cha awali awe amefundisha kwa saa zisizopungua 300 katika miaka 3 iliyotangulia, na hiyo ndiyo tofauti kati ya cheti cha kusoma na ujuzi wa kazi. Wala kozi haikufanyi daktari wa mifugo: mbwa aliyebadilika ghafla huenda ana maumivu, na huyo apelekwe kwa daktari kwanza.

Muda ni hesabu nyepesi. Kozi ikisema inahitaji saa 200 nawe unapata saa 6 kwa wiki, ni kama miezi minane. Masomo mengi yatakuwa kwa Kiingereza, basi omba sura moja ya mfano, uisome kwa utulivu kabla ya kujiandikisha.

Wakati unasubiri, nunua daftari. Kila jioni, kwa dakika 10, andika unachokiona na si unachokidhani. Usiandike "alikuwa na hasira", andika "alilamba pua mara tatu pasipo chakula, akageuza uso, mkia ukashuka chini ya mgongo." Utashangaa jinsi onyo linavyoanza mapema, kabla ya ngurumo yoyote.

Hakikisheni pia chanjo ya kichaa cha mbwa haipitwi. Akimng'ata mtu tena, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, naye mbwa afungiwe na kutazamwa kwa siku 10.

Kuhusu mbwa wenu, fimbo iishe leo. Wakati wa kushusha mzigo akae nyuma ya ghala, penye kivuli na maji, mbali na lango. Siku nyingine mwombe kuli mmoja apite kwa mbali, mahali ambapo mbwa anamwona lakini bado anakula, nawe umpe dagaa mmoja mmoja hadi mtu huyo apotee machoni. Punguzeni umbali kwa hatua chache kila wiki; akikataa dagaa, mmesogea mno, rudini nyuma. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, kwa hiyo ianze sasa, wakati uwanja bado ni mtupu na hakuna lori linalopiga honi langoni.