Baiskeli mbili za umeme kwenye mlango wa nyuma

Kama keria ya mlango, yaani kibebea baiskeli kinachofungwa kwenye mlango wa nyuma wa gari, imeandikwa mwisho kilo 50 na kila baiskeli ina kilo 27, hapo ushazidisha, ndugu. Chomoa betri usafiri nazo ndani: moja huwa na kilo 3 hadi 4, kwa hiyo mzigo unashuka kwenye 46 au 48. Inatosha, ila kwa taabu, maana kila shimo la barabarani linazidisha mvuto kwenye bawaba, na bawaba ndizo huanza kulegea.

Baiskeli nzito ikae karibu na mlango. Ya nje igeuze, usukani uelekee upande wa pili. Pedali inayokwaruza fremu ya mwenzake itoe. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, wengi huilazimisha kinyume wakaharibu nyuzi za skrubu yake. Funga kila rimu kwa mkanda, kisha simama baada ya kilomita 20 ukaze tena.

Italia na Hispania zinadai kibao cha mistari myekundu na myeupe, sentimita 50 kwa 50, nyuma ya mzigo. Taa na namba zisifunikwe.