Mtihani wa shule za Marekani si darasa la saba

Wazazi ninaowatafsiria kwenye vikao vya shule, wengi wao Wakongo waliopitia kambi za Tanzania na Uganda, huniuliza jambo moja kabla hata hatujaketi: "Mtoto amefeli, atafukuzwa?" Hofu hiyo naielewa. Nimekulia Kigoma, ambako mtihani wa darasa la saba ndio ulioamua nani anaendelea na nani anabaki nyumbani.

Mtihani wa huku una kazi nyingine. Sheria ya shirikisho aliyotia saini Rais Bush mwaka 2002 iliagiza watoto wa shule za umma wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka, darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Sheria ya 2015, ya wakati wa Obama, ikaacha ratiba hiyo ilivyo. Anayepimwa hasa ni shule. Matokeo hutolewa kwa makundi, likiwemo la wanaojifunza Kiingereza, ili shule isiwafiche watoto wetu nyuma ya wastani mzuri. Kwa hilo naiunga mkono kwa moyo wote.

Kurudia darasa au kuhitimu ni mambo ya jimbo, kwa hiyo uliza la kwako linasemaje. Mississippi, kwa sheria ya 2013, mtoto wa darasa la tatu asiyesoma vizuri anaweza kurudishwa. Massachusetts, wapiga kura waliondoa Novemba 2024 sharti la kufaulu mtihani wa jimbo ili kuhitimu.

Barua ambayo wazazi huitupa ni ile ya mtihani wa Kiingereza, ambao majimbo mengi huuita ACCESS. Ndugu zangu, hiyo msiitupe! Mtihani huo humpima mtoto kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika kila mwaka, na ndio unaochangia sana kuamua lini atatoka kwenye masomo ya msaada wa lugha. Ukiyakataa masomo hayo, una haki, lakini mtihani ataendelea kuufanya. Tazama alama za kila sehemu. Mwanangu aliongea Kiingereza bila kukwama, ila kuandika kulimrudisha nyuma. Tukamwekea utaratibu wa kuandika kila jioni yaliyotokea nyumbani, hata ugomvi wa kugombea rimoti, na mwalimu akayasoma. Alama ya kuandika ilipanda.

Usimfanye mtoto mkalimani wa matokeo yake mwenyewe. Shule inayopokea fedha za shirikisho inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 izungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Mwombe mapema, na utaje kuwa unataka wa Kiswahili cha Kongo kama ndicho chako. Nimeona mama wa Fizi, huko Kongo, na mkalimani wa simu kutoka Nairobi wakipishana kikao kizima. Ukipewa karatasi ya Kiingereza kitupu, isomwe yote kwa lugha yako hapo hapo, ndipo uweke saini.