Fundi akianguka paani kwako, nani analipa?

Umeuliza kama bima yako ya nyumba itamlipa fundi akianguka wakati anabadilisha mabati. Kwa kawaida hapana. Zisome zile karatasi, utaona sehemu ya WIBA (bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini) imewekewa yaya, soja na mtunza bustani. Fundi wa paa hayumo. Sehemu ya dhima kwa watu wengine (madhara unayotakiwa kuwalipa) nayo mara nyingi huwaacha nje watu uliowaajiri mwenyewe. Kazi yenyewe pia inaweza kuvuruga bima yako, kwa hiyo mwandikie ajenti kabla bati la kwanza halijang'olewa.

Cha kujiuliza kwanza ni mwajiri ni nani. Wengi hununua mabati na misumari wenyewe, wakaita fundi na vijana wawili wa kulipwa kwa siku, wakawaonyesha pa kuanzia. Kwa mpango huo ni rahisi sana wewe kuhesabiwa mwajiri, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya Kenya ya 2007, hiyo WIBA, ikakushika. Ulemavu kamili wa kudumu ni fidia ya mapato ya miezi 96. Kijana wa 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 26,000 mara 96 ni shilingi 2,496,000. Na ile karatasi ya "nikianguka shauri yangu" haikusaidii kitu.

Ukiajiri hivyo, nunua bima ya WIBA ya muda mfupi wewe mwenyewe. Mwambie ajenti idadi ya watu, jumla ya malipo, siku za kazi, na useme wazi kwamba ni kazi ya juu ya paa. Ukiandikisha watatu wakapanda watano, umejitafutia ubishi. Andika majina na namba za vitambulisho kila asubuhi.

Ukichukua kontrakta, taka usajili wake wa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) na cheti cha bima ya WIBA. Jina kwenye cheti liwe lile lile la kwenye mkataba, tarehe zifike mwisho wa kazi, na aina ya kazi isiwe "kupaka rangi" huku anapanda paa. Kisha pigia kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, maana vyeti vya kuazima vipo. WIBA hailipi bati likipeperuka na kuvunja kioo cha gari la jirani. Hapo inatakiwa bima ya dhima kwa umma. Tunza nakala na picha: Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34, inakulinda madhara yakitokana na kazi mbovu ya kontrakta, mradi ulimchagua kwa uangalifu na ukafanya yanayotarajiwa kuhakikisha kazi imefanywa sawasawa.

Ajali ikitokea, hospitali kwanza. Kampuni ya bima ijue siku hiyo hiyo. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kifo ni ndani ya saa 24. Familia ikija, wape pole na nauli, lakini usiandike popote kwamba utalipa kiasi fulani kabla kampuni haijajibu, inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo.