Tembe la Kwihara: Anayegonga Usiku ni Nani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nafundisha historia sekondari huko Ujiji, na nataka kuwapeleka wanafunzi 36 Tabora wakaone tembe la Livingstone. Wameshaanza kutishana kwamba mzungu yule alifia mle ndani na usiku husikika akitembea. Wazazi wawili wamekataa kusaini. Niwaambieje, na safari niipangeje? – Mwalimu, Ujiji

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Anza na tarehe. Livingstone hakufia Kwihara, lilipo tembe hilo. Alifika hapo na mwandishi wa habari Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka Machi 14, naye akabaki kuwasubiri wapagazi hadi Agosti 25. Alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Ila uvumi huo haukuzuka hewani. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliuzika moyo wake kulekule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa siku 14, kisha wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 waliufikisha Kwihara. Mwingereza Cameron, msafiri aliyekuwa amefikia kwenye tembe lilelile, akawashauri wauzike hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo maiti ilipita, haikubaki. Aliyebaki Kwihara ni John Shaw, msaidizi wa Stanley, aliyekufa kwa maradhi Stanley akiwa safarini Ujiji. Huyo hakuna anayemtaja. Wape wanafunzi wako kazi ya kuuliza kwa nini.

Sasa kelele. Paa la tembe ni bapa: boriti juu ya kuta nene za udongo, juu yake fito, juu ya fito udongo tena. Mchana jua hulipika. Usiku wa Juni na Julai Tabora hupoa sana, maana mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mti uliopata joto mchana unaponywea, hutoa mlio mkavu, ta!, halafu kimya, halafu ta! tena mbele kidogo. Asiyejua huapa kwamba ni hatua za mtu. Ongeza panya ndani ya fito, popo, na chembe za udongo zinazodondoka pale mchwa walipokula, umepata jini kamili.

Wakikutajia mlango unaofunguka wenyewe, nao una dawa. Mwombe mtunzaji auache nusu wazi, kisha muuangalie bila kuugusa. Ukienda upande uleule kila mara, fremu imelala. Funga nati kwenye uzi, uining'inize kando ya mwimo: hiyo ni timazi tosha, na kinachoning'inia hakidanganyi. Mlango unaochezwa na upepo hubadilisha upande.

Safari yenyewe: treni ya reli ya zamani haitoki Kigoma kila siku, kwa hiyo uliza ratiba kwanza, ndipo upange tarehe ya kutembelea. Wengi hufanya kinyume wakakwama. Laleni mjini Tabora. Kwihara iko kilomita 6 hivi kusini-magharibi. Kwa mguu ni kama saa moja na nusu, kwa Costa ni muda mfupi. Nendeni kati ya Juni na Agosti. Kuanzia Novemba barabara ya udongo huteleza, na basi likizama mtalisukuma nyinyi. Barua ya shule itangulie wiki mbili, itaje idadi ya wanafunzi na walimu. Kiingilio kilipwe kwa risiti.

Wagawe makundi matatu, kila kundi 12. Kundi moja ndani, moja uani, moja nje na mwalimu. Mkiingia kutoka juani, simameni dakika mbili tatu mahali pamoja. Nusu ya vituko vya "nimeona kivuli" hutokea hapo, jicho likiwa bado halijazoea giza, na nusu ya majeraha hutokea kwenye kizingiti kilichoinuka. Wenye pumu wasiingie vyumba vyenye kinyesi cha popo, na yeyote asikifagie kikiwa kikavu: vumbi lake hubeba fangasi wa mapafu.

SWALI: Nina chaneli ya video. Nataka nilale Kwihara usiku mmoja nirekodi mizimu. Nilete vifaa gani? – Kijana wa Isevya, Tabora

JIBU: Lete kibali kwanza, ndugu yetu. Eneo liko chini ya ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuingia usiku bila ruhusa ni kosa, hata ukiwa na kamera ya bei mbaya.

Ukikipata: vile vijiduara vyeupe vinavyoelea kwenye picha ni vumbi lililo karibu na lenzi, likimulikwa na taa ya kamera. Weka taa pembeni, mita mbili mbali na kamera, vitapungua. Sauti za vijijini husafiri mbali usiku, kwa hiyo weka kinasa cha pili nje ya ukuta. Kilichosikika kwa nguvu zaidi kwenye kinasa cha nje, huenda hakikuanzia ndani.

Na neno lako "mizimu" lirekebishe kabla hujarusha video. Kwa Wanyamwezi mizimu ni wazee wa ukoo waliotangulia, hujengewa vijumba na kufanyiwa tambiko. Hawavizii watalii chumbani kwa mgeni. Ukiandika hivyo, wazee wa Kwihara watakuita wakuulize unamzungumzia babu ya nani.

SWALI: Tukitoka Kwihara tunaweza kupiga picha Boma la Mjerumani, ile ngome ya zamani ya Tabora? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Hapana. Lipo mikononi mwa jeshi. Simu ibaki mfukoni mpaka mlipite.