Dodoso la maswali 10 na watoto wahamiaji wa Kilatino: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeuliza kama dodoso la ACE, lile la maswali 10 kuhusu madhila ya utotoni, linafaa kwa watoto wa Honduras na Guatemala unaowahudumia huko Marekani. Nimekuwa afisa ustawi katika shule moja ya Texas kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu linafaa kufungulia mazungumzo tu.

Mtoto wa kwanza niliyemjazia alipata sifuri, yaani hakuna swali lililojibiwa "ndiyo". Mama yake alitangulia Marekani akamwacha kwa bibi akiwa na miaka mitatu. Alipomfuata, akiwa na miaka tisa, alilala siku kadhaa katika vyumba vya walinzi wa mpaka ambavyo wahamiaji huviita "hielera", yaani jokofu, kwa baridi yake. Dodoso liliuliza kama wazazi waliwahi kutengana au kupeana talaka, mama akajibu hapana, kwa kuwa ndoa yake ipo. Liliuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyefungwa. Baba alikuwa kizuizini cha uhamiaji, lakini kwa mama hiyo haikuwa jela, maana mumewe hakuiba wala hakuua. Sikuweza kumwambia kwamba amekosea.

Utafiti uliozaa maswali hayo ulifanyika San Diego kati ya 1995 na 1997, ukahusisha watu wazima zaidi ya 17,000 wenye bima ya afya, wengi wao wazungu, waliokumbuka utoto wao. Uliangalia hasa yaliyotokea ndani ya nyumba. Safari na mpaka havimo. Robert Anda, mmoja wa waasisi wake, mwaka 2020 aliandika pamoja na wenzake kuonya dhidi ya kutumia alama za dodoso hilo, yaani idadi ya majibu ya "ndiyo", kumpima mtu mmoja mmoja. Dodoso la PEARLS la California, linalouliza madhila ya watoto, lina swali la kutenganishwa na mlezi kwa sababu ya uhamiaji, kwa hiyo ningeanza nalo, kisha nipime dalili kwa kipimo kingine, kwani kuhesabu matukio si kupima kiwewe.

Usidhani pia kwamba tafsiri ya Kihispania inatosha. Baadhi ya familia za Guatemala huzungumza Kimam au Kik'iche', lugha za Wamaya, nyumbani, na wengi wataeleza hali ya mtoto kwa neno "susto", yaani mshtuko unaoaminika kuitoa roho mwilini. Uliza wanaona nini mtoto anapokuwa na susto, utapata habari za usingizi na chakula.

Tena mweleze mzazi mapema karatasi itahifadhiwa wapi na nani ataisoma. Mama yule aliniuliza hilo mara tatu, nami siku hiyo sikuwa na jibu.