Mlima wa theluji "wa wastani": niende au nitulie Tanga?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi msomaji wenu niko Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 31. Mdogo wangu anasoma Dehradun kule India, ye na wenzake wamepanga Januari kupanda Kedarkantha, mlima wa theluji, siku nne za kutembea, na mi nataka niungane nao maana likizo yangu inaangukia hapo hapo. Wanaoandaa safari wanasema ni ya "wastani", hata ambaye hajawahi kupanda mlima anaweza. Theluji sijawahi kuiona kwa macho. Mazoezi yangu ni kutembea jioni mpaka Raskazone na kurudi. Mama kagoma, anasema naenda kufia ugenini. Hiyo wastani ni wastani kweli?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza msalimie mama na umwambie hofu yake nimeisikia na ina msingi. Ila kwa maoni yangu unaweza kwenda, lakini si Januari, na si kwa ratiba ya haraka haraka.

Neno wastani inategemea kalisema nani na anamwambia nani. Waliolitumia wanamfikiria mtu anayeijua baridi tangu utotoni, sio wewe ambaye Januari kwenu ni kaskazi na joto la kulala madirisha wazi. Kwa urefu peke yake mlima huu hautishi, kilele kina kama mita 3,800, yaani ni kama kufika vibanda vya Horombo pale Kilimanjaro njia ya Marangu, ambavyo viko mita 3,720, wakati Kilimanjaro yenyewe inaenda mpaka 5,895. Kwahiyo miguu ya Raskazone ikiongezewa mazoezi ya vilima itafika. Tofauti ni kwamba Horombo unalala kwenye kibanda cha mbao, Kedarkantha unalala kwenye hema juu ya theluji, na usiku wa Januari baridi inaweza kushuka mpaka kumi chini ya sifuri, halafu siku ya kilele mnaamshwa saa tisa usiku mtembee gizani. Hapo ndo ugumu wenyewe ulipo.

Sasa ichukue ratiba yako uangalie kitu kimoja tu: kila usiku mnalala mita ngapi. Kijiji cha kuanzia, Sankri, kiko kama 1,950. Kambi ya kwanza kwenye ratiba nyingi ni Juda ka Talab, kama 2,700, inayofuata ni kambi ya chini ya kilele, kama 3,400. Madaktari wa milimani wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na hapo umeruka 700, na mtu mwenyewe siku chache nyuma alikuwa usawa wa bahari anakula mihogo Raskazone. Wengi wanapita salama kwa sababu kilele ni cha muda mfupi na mnashuka kulala chini siku hiyo hiyo, lakini mi nisingekubali bila kulala siku mbili Sankri au kuongeza usiku mmoja njiani. Wakikataa tafuta wengine.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa nyepesi ya juu, uzijue kwa moyo. Kichwa kinauma na kichefuchefu, unabaki hapo ulipo, hupandi. Ikizidi unashuka. Ukiyumba kama mlevi, yaani huwezi kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari mmoja, au unahema hata ukiwa umekaa, hapo ni kushuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na usifiche. Mi nilishaumwa kichwa Horombo usiku kucha nikanyamaza eti nisiwaharibie wenzangu safari, na mpaka leo nikikumbuka naona nilihatarisha maisha yangu na nikawaweka wenzangu kwenye hatari bila wao kujua.

Kuna mambo mawili ambayo muandaaji wa kule hawezi kukuuliza, na yanatuhusu sana watu wa pwani. La kwanza sikoseli. Kama unaugua, tafadhali usiende. Kama huumwi lakini umebeba vinasaba, na pwani wako wengi wasiojua, kwa kawaida huna shida yoyote, ila kwenye mwinuko imewahi kutokea bandama ikakosa damu, na dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Pima kabla hujalipa hata senti. La pili malaria. Ukitoka Tanga ukapata homa mlimani, wenzako watasema ni mwinuko, wakati ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauanzi na homa kali. Beba kipimo cha haraka na dawa, na waambie unatoka eneo la malaria. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea ila muone daktari kwanza, na kama Septrin au SP zilishakutoa vipele mtajie hilo, manake wenye mzio wa salfa inabidi waangaliwe.

Nguo: pamba hapana, hata soksi. Pamba ikilowa jasho haikauki na inakunyonya joto lote. Sufu au nailoni ya michezo, miwani ya jua ya giza maana theluji inarudisha mwanga mpaka macho yanaungua, na meno ya chuma ya kuvaa kwenye buti. Chupa ya maji ilaze kichwa chini usiku, maji huganda kuanzia juu.

Theluji kuporomoka je? Njia hii sehemu kubwa inapita msituni, sio miteremko mikali ya barafu, kwahiyo hatari ni ndogo kuliko kule juu kabisa, ambako Oktoba 2022 wilaya hiyo hiyo ya Uttarkashi theluji iliua zaidi ya watu 20 waliokuwa mafunzoni kwenye mlima Draupadi ka Danda. Ila ikishanyesha nyingi mfululizo, kaeni kambini mpaka itulie. Muulize kiongozi wenu: mara ya mwisho uligeuza kundi lini na kwa nini? Anayesema hajawahi kugeuza mtu, simwamini. Muulize pia nani anabeba oksijeni, maana kutoka Sankri hadi Dehradun ni kama kilomita 200 za barabara ya milimani, safari ya muda wa saa nane mpaka kumi ndani ya gari.

Omba likizo isogezwe mwishoni mwa Machi. Theluji bado ipo juu na baridi imepungua. Kabla ya hapo nenda Lushoto wikiendi mbili, panda na kushuka na begi la kilo nane, na ukiweza lala Horombo usiku mmoja uone kichwa chako kinasemaje. Majibu ya kipimo cha sikoseli yakitoka kaa na mama umsomee, umuoneshe na ratiba mpya.